Anayebonyeza Yuko Hai

Mimi si mtu wa kuogopa maiti. Nimelelewa Buyenzi, Bujumbura, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na msiba wa jirani ni wako, utake usitake. Nilipofika Brussels nikafanya kazi ya kuhudumia wazee miaka minane. Nimewafumba macho watu ambao hata majina yao ulimi wangu haukuyaweza. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kuna asubuhi moja nilikaa mbele ya kompyuta, kahawa mkononi, nywele zikanisimama, mniamini. Ilikuwa saa mbili kasoro, watu wanamiminika kutoka stesheni ya Gare du Nord kwenda maofisini, na mimi nimeganda kwenye kiti.

Nianze na programu yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Wazo lilinijia kazini. Nilikuwa nakwenda Ixelles mara mbili kwa wiki kumwogesha na kumpikia mzee mmoja wa Kibelgiji aliyeishi peke yake. Jumatatu moja nikapiga kengele, kimya. Msimamizi wa jengo akanifungulia kwa ufunguo wake, tukamkuta mzee sakafuni, macho wazi, anatutazama. Alikuwa pale chini tangu Jumamosi. Alipona, lakini aliniuliza: "Hakuna hata mmoja aliyejiuliza?" Nilikasirika, jamani. Nikawakasirikia watoto wake, nikalikasirikia jiji zima, nikajikasirikia na mimi niliyekula pilau Jumapili nikashiba bila kumkumbuka. Wengine wakiwa na hasira hulia. Mimi nikiwa na hasira natafuta kazi ya kufanya.

Nikamtafuta mwanamume mmoja wa Bukavu niliyemjua kwenye harusi, fundi wa kompyuta, mpole kuliko mimi mara kumi. Nikamwambia nataka kitufe kimoja tu kwenye simu, kikubwa, cha kijani. Mzee akiamka anabonyeza. Ikifika saa nne asubuhi hajabonyeza, simu ya jamaa yake inalia. Akanitazama, akasema, "Dada, iyi kitu ni simple sana." Nikamjibu kwamba hata chumvi ni rahisi, lakini jaribu kupika bila hiyo. Ndivyo tulivyoanza kampuni, watu wawili tusiojua hata namna ya kuiandikisha. Tukapanga chumba cha meza mbili karibu na Gare du Nord, ukutani tukatundika skrini, na kwenye skrini kila mzee alikuwa nukta: nyekundu akiwa bado, kijani akishaamka. Msemo wetu nilioutunga mimi, na nikautangaza msikitini, makanisani, na saluni zote za Matonge, mtaa wetu Waafrika, ulikuwa huu: anayebonyeza yuko hai.

Miezi ya mwanzo hakubonyeza mtu. Wazee wetu walikataa katakata. Papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume, aliniuliza kama mimi namwona anaita lifti. Mama mmoja wa Kivu, ambaye nilikuwa nimemfuata mara tatu na keki mkononi, akaniambia wazi: "Mwanangu, bon, nimekusikia. Lakini kubonyeza haiko kusalimia."

Nilitoka kwake nimenuna. Nilipofika kituo cha basi nikajua kwamba amenipa kampuni yangu. Kwetu mtu haamki mpaka asalimiwe na asalimie. Basi tukabadilisha kila kitu. Kila mzee akachagua mtu wake mmoja nyumbani, Bujumbura au Bukavu au Uvira, na wote wawili wakawa na kitufe. Ukibonyeza, sauti yako inakwenda: nimeamka salama, na wewe je? Na yule wa kule akibonyeza, ya kwake inakuja. Kwa kuwa asubuhi sauti ya mzee imekauka na meno yake bado kwenye glasi, tuliwarekodi mapema, salamu saba, moja kwa kila siku ya wiki. Jumatatu inapigwa ya Jumatatu, Jumanne ya Jumanne. Nilijiona nimevumbua moto.

Na ikaenea, Mungu anisamehe, kwa kasi ya umbea. Wazee walioniona mjinga wakaanza kunisimamisha njiani Porte de Namur kuniuliza kwa nini mwenzao ameandikishwa wao bado. Shirika moja la Kibelgiji la kuhudumia wazee majumbani likasikia habari zetu. Akaja madame mmoja mwenye miwani na daftari, akasema watatujaribu kwa miezi mitatu, na mwisho wa majaribio tukawaoneshe kwao jinsi watu wanavyotumia kitu chetu. Wakiridhika, wangetupeleka kwa wazee wa mji mzima. Nilirudi chumbani kwetu nikacheza peke yangu.

Sasa ile asubuhi ya kahawa.

Wiki moja kabla ya siku ya kuonesha, mwenzangu aliandaa orodha ya jozi zilizo aminifu kupita zote, ili tuchague za kuonesha. Aliniita kwenye meza yake. "Dada, kuya uone. Hawa njo ba-champions. Hawajakosaka hata siku moja." Kwenye orodha tulikuwa tunaweka namba tu. Ya kwanza ilikuwa namba arobaini na moja, na mwenzake arobaini na mbili.

Namba arobaini na moja nilimjua. Alikuwa papa wa Bujumbura aliyeishi Ixelles na binti yake mmoja; papa mwenyewe alikuwa mgonjwa wa figo, mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali kusafishwa damu. Salamu zake saba nilizirekodi mimi mwenyewe jikoni kwake, huku akinichekesha. Na wiki tatu kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama kwenye makaburi ya Evere, upande wa Waislamu, nikitazama wanaume wakimfukia.

"Huyu amekufa," nikasema.

"Amekufa namna gani? Amebonyeza leo. Saa moja na dakika kumi na mbili."

Nikainua macho ukutani. Nukta yake ilikuwa ya kijani. Lahaula! Mtu niliyemsomea Fatiha, na udongo wake nikautoa kwenye viatu vyangu kwa kijiko, ametangaza kwamba ameamka salama. Si leo tu. Jana vilevile, na juzi, na kila siku tangu tumzike. Mwenzangu akafanya ishara ya msalaba, halafu akafungua seva, maana wahandisi ndivyo wanavyosali. Alitafuta kosa nusu saa nzima. Hakukuwa na kosa. Simu ni ileile, na kitufe kilibonyezwa kwa kidole, kwa sababu programu yetu haiwezi kujibonyeza. "Kuna muntu," akasema kwa sauti ndogo. Nilitamani aseme ni kosa la mashine.

Sikusubiri chai. Binti wa marehemu alikuwa anauza vitambaa kwenye duka moja Porte de Namur, na nilimkuta anapima kitenge. Aliponiona tu mkasi ukamponyoka. "Dada, si hapa," akasema. Tukatoka, tukasimama juu ya ngazi za metro, watu wanapanda na kushuka wakitugonga kwa mifuko.

"Ni mimi," akasema kabla sijauliza. "Ninabonyeza mimi."

Namba arobaini na mbili, akanieleza, alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Ndiye aliyemlea baba yake baada ya mama yao kufariki, akamlisha, akamsomesha, akamwoza. Sasa alikuwa kikongwe, amehamia Rumonge, kusini mwa Bujumbura, kwa mjukuu wake wa kike, mwalimu, na moyo wake mbovu. Daktari wa kule alikwisha kuwaonya: huyu bibi msimshtue. Kwa hiyo baba alipofariki, binti hakumwambia mtu yeyote wa nyumbani, na sisi wote wa huku akatuapisha. Waswahili wa Brussels hawawezi kutunza siri ya ndoa hata dakika tano, lakini ya msiba wanaitunza.

"Asubuhi ile natoka hospitali," akasema, "baba ameshakufa, nimeshika simu yake. Naona saa: inakaribia saa nne. Donc, dada, unaelewa? Ikifika saa nne, programu yako inampigia shangazi inamwambia ndugu yako hajaamka. Nikabonyeza. Sikuwa nimepanga. Halafu kesho yake saa nne ikafika tena."

Programu yangu, niliyoipenda kama mtoto, ndiyo iliyomshika mkono.

"Na shangazi hajambo?" nikauliza.

Akanionesha ujumbe. Mjukuu wa Rumonge alikuwa anamwandikia kila Ijumaa: bibi anawasalimu sana, anasema babu ale vizuri, asikose hospitali. Na yeye alikuwa anajibu: baba anawasalimu, anakula vizuri. Akafuta machozi kwa kipande cha kitenge. "Niachie mpaka likizo ya Desemba. Nitakwenda mwenyewe, nimwambie vizuri. Ukizima sasa, utamuua. Unamuua, dada."

Mtu mwingine angekataa. Mimi nilikubali, na sikuona ajabu yoyote. Kwetu habari ya kifo haitupwi kwenye simu kama ganda la ndizi. Mtu anatumwa. Anafika, anakaa, anapewa maji, jamaa wanaingia mmoja mmoja mpaka chumba kijae, ndipo neno linasemwa, na mikono ya kumdaka anayeanguka ipo tayari. Bibi yangu mzaa mama aliletewa salamu za mwanawe aliyekwisha kuzikwa kwa miezi minane, na sote tulikuwa tukimtungia salamu hizo, mimi nikiwa na miaka tisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumekwenda mbele zaidi, tunaficha na kifo chenyewe.

Basi kuanzia siku hiyo nikawa nafika ofisini mapema kumsubiri maiti aamke. Saa moja na dakika kumi na mbili, kijani. Baada ya robo saa au zaidi kidogo, Rumonge, kijani. Nilijua kidole ni cha binti, yuko jikoni Ixelles amevaa koti anakimbilia basi. Nilijua. Lakini akili inajua yake na ngozi inajua yake. Siku moja binti alichelewa, ikafika saa mbili, saa tatu, nukta bado nyekundu, na nikajikuta nimesimama mbele ya skrini nasema, "Amka baba, amka, utamshtua dada yako." Mwenzangu alinisikia. Alisogeza kiti chake mbali kidogo.

Siku ya kuonesha ikafika, na hapa naomba mnitukane taratibu. Mwenzangu alitaka tuiondoe ile jozi. "Dada, haiko bien. Tuweke ile ya Uvira." Nikamfokea. Nikamuuliza anataka mkataba au hataki. Jozi ya Uvira yule papa anakohoa katikati ya salamu. Namba arobaini na moja alikuwa na sauti ya kusomea redio, na alipokuwa hai alikubali kwa kiburi kabisa kwamba sauti yake ichezwe mbele za wakubwa. Nikasema iache. Ndiyo, mimi.

Ofisi yao ilikuwa juu sana kwenye mnara mmoja wa vioo, upande wa pili wa stesheni. Madame alitupa maji, akaomba asikie salamu ya siku hiyo, ya kweli, kama ilivyokwenda asubuhi. Ilikuwa Jumatano. Mwenzangu akabonyeza, sauti ikajaa chumba: "Dada, mdogo wako nimeamka salama. Huku mvua inanyesha, lakini nimeamka. Na wewe je?" Na baada yake sauti nyembamba ya kike, kavu, kutoka Rumonge: "Nimeamka salama, mdogo wangu. Jifunike vizuri."

"Amesema nini?" akauliza madame.

Nikamtafsiria. Akageuza kichwa dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Ni kweli," akasema, akatabasamu, macho yamemlowa. "Anasikika hai kabisa."

Nilikunywa yale maji yote. Nilikumbuka siku tuliporekodi, papa alicheka akasema Brussels ukitaja mvua hukosei. Hata hivyo sikutazama tena dirishani.

Madame alikuwa mtu wa hesabu. Akachukua karatasi tulizomchapishia, zenye saa za kila siku za kila jozi, akapitisha kalamu. "Kuna jambo limenivutia," akasema. "Huyu bwana alikuwa anabonyeza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Halafu siku hii hapa akachelewa mpaka karibu saa nne, na kuanzia kesho yake ikawa saa moja na dakika kumi na mbili, karibu kila siku. Amebadilishiwa dawa?"

Nikasema pengine. Siku hiyo ilikuwa ya kifo chake.

"Na dada yake naye," akaendelea. "Kwanza saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Halafu akahama, saa moja na nusu. Ila yeye alianza siku kumi na moja mapema. Je, kwenu ndugu huwa wanafuatana hivi?"

Nilitazama pale kalamu iliposimama. Miaka minane nimehudumia wazee. Kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani ni kwamba mzee habadilishi saa yake. Kikongwe aliyeamka kuswali alfajiri miaka sabini haanzi ghafla kuamka saa moja na nusu. Saa moja na nusu ni saa ya mtu mwenye kazi. Ni saa ya mwalimu anayefunga mlango kwenda shule.

Sikumbuki tuliagana vipi. Kwenye lifti mwenzangu alikuwa anafurahi, ananiambia tumeshinda, madame amelia. Nikamwambia nyamaza. Nilimwambia vibaya, na nilimwomba radhi siku nyingine.

Kupiga simu Rumonge nisingeweza. Mjukuu angenijibu bibi anawasalimu. Nikafanya kama tunavyofanya sisi. Nilimwomba shangazi yangu mwenyewe, mwanamke wa Buyenzi asiyedanganyika, apande gari aende Rumonge, aingie ile nyumba, aombe kumwamkia bibi. Alinipigia kesho yake adhuhuri. Nilikuwa nimesimama nje ya stesheni, na kelele za mabasi, nikaziba sikio moja.

"Nimeoneshwa kaburi," akasema. "Majani yameshaanza kuota. Yule mjukuu amenishika miguu, analia, anasema: nakuomba, babu wa Brussels asijue, atakufa. Anasafishwa damu, moyo wake mdogo. Mwanangu, huyo babu ni nani?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara, na koti langu zuri. Wasichana wawili, mmoja Ixelles mmoja Rumonge, kila mmoja amezika wake, na kila asubuhi anamwamsha maiti wake ili asimuue mzee wa mwenzake. Wanaandikiana Ijumaa, babu anawasalimu, bibi anawasalimu. Na mimi ndiye niliyewajengea njia. Nilimwomba shangazi asimwambie mjukuu kitu mpaka huku tuwe tayari. Kwa siku mbili nzima, katika dunia yote, ni mimi na shangazi yangu tu tuliojua kwamba wote wawili hawapo. Nilikwenda ofisini asubuhi zote mbili. Kijani, kisha kijani. Nimeamka salama, jifunike vizuri. Sikuweza kuwazima na sikuweza kuwatazama, nikageuza kiti nikaangalia ukuta.

Madame nilimwandikia ukweli wote usio na majina: kwamba kitufe kinathibitisha kidole, hakithibitishi mtu, na kwamba sauti iliyomliza ilikuwa ya marehemu. Alijibu kwa adabu sana. Mkataba ukasimama, na mpaka leo umesimama. Tulipunguza wazee, tukaanza upya na msemo mwingine, kazi inakwenda polepole. Watu wa biashara huniambia nilikosea kumwandikia. Waendelee kusema.

Siku ya tatu, Jumamosi mchana, nikawachukua wamama wawili wa msikitini, watu wazima, mmoja amebeba chupa ya chai na mwingine mkate. Shangazi yangu naye tukapatana kwamba saa ileile awe ameketi na mjukuu kule Rumonge, na majirani wa kike wamejaa. Tukapanda ngazi, nikabisha. Binti alifungua, akatuona watatu tumesimama na mitandio, hatusemi. Mtu wa kwetu akiona wamama watatu mlangoni hahitaji kuambiwa.

"Nani?" akasema.

"Tuingie kwanza, mwanangu," mmoja wa wamama akamjibu.

Alikalishwa, akapewa maji, akashikwa bega huku na huku. Ndipo nikasema: ni shangazi. Aliinama, akaanza kulia kwa namna ya mtu aliyekuwa anangojea zamu yake. Alilaumu programu, alijilaumu yeye, akasema shangazi amejua tu, lazima kuna mtu aliyemropokea. "Lini?" akauliza. Nilimwambia siku. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Hiyo ni kabla ya baba."

"Siku kumi na moja kabla."

Akaacha kulia. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, mmoja wa wamama akamvuta kifuani akisoma Ayatul Kursiy. "Sasa mimi nilikuwa namsalimia nani?" akasema kutoka ndani ya mtandio. Chai ikamiminwa, akashikishwa kikombe, akakishika tu.

Chai ilipompolea mkononi akasema, "Baba alijua kuna kitu."

Nikamwambia aseme.

"Wiki ile ya mwisho. Alikuwa ananiambia, huyu dada yangu ananijibu lakini hanijibu. Namuuliza kitu, yeye anasema jifunike vizuri. Nikamwambia baba, si huyu hapa, ni kijani, ameamka salama. Anayebonyeza yuko hai, si ndivyo ulivyotuambia, dada? Baba akasema basi amenuna. Amenuna kwa sababu sikwenda kumwona. Kila siku akawa anabonyeza kile cha njano, anamwomba msamaha. Mimi nikamcheka. Nilimwambia, baba, wewe na dada yako ni watoto wadogo."

Cha njano sikukitaja mpaka sasa kwa sababu karibu hakuna aliyekitumia. Kilikuwa kitufe kidogo pembeni, cha mtu anayetaka kuongeza maneno yake ya siku hiyo juu ya salamu iliyorekodiwa. Maneno hayo yalihifadhiwa kwenye seva yetu, na mimi na mwenzangu tuliapa tangu mwanzo kwamba hatutayasikiliza, kama usivyofungua barua ya mtu. Binti akaniomba nizifungue sauti hizo za baba yake. Nikamwambia ni zake, ana haki. Nikatoa simu, nikaiweka mezani katikati ya mkate na vikombe.

Zilikuwa kumi na moja. Ya kwanza alimuuliza dada yake kama alipata dawa zake. Ya pili akauliza tena. Ya nne akauliza kama amemkosea. Ya saba akaeleza kwa nini hakwenda, mashine ya damu haimruhusu kukaa mbali nayo, akasema kwamba anajua hata hivyo alipaswa kwenda zamani, kabla ya mashine. Wamama walikuwa wanalia bila sauti. Ya mwisho ilikuwa ya hospitali, nyuma yake kitu kinapiga tiki, tiki. Sauti ile ya redio ilikuwa imebaki nusu. "Dada, niko hospitali, usishtuke. Kama umenuna, nuna tu, ni haki yako, wewe ndiye uliyenilea. Mimi kesho nitakusalimia tena."

Binti aliiweka simu kifuani. Akaniuliza kama zile sauti ziliwahi kufika Rumonge. Nikamwambia zilifika, zote kumi na moja, na kwamba mjukuu hakufungua hata moja.